Creuse, miji midogo ya Ufaransa ambako kila habari ni ya mtoto

UKIMTAJIA mtoto jina la Ufaransa, atakuuliza habari za mnara wa Eiffel, na kama ni mpenzi wa mpira atakuuliza Mbappé. Creuse haimjii kichwani. Hata Wafaransa wengi wamepita tu pembeni yake wakielekea baharini.

Creuse ni mkoa mdogo ulio katikati ya nchi, mashariki ya jiji la Limoges. Ni vilima, misitu, malisho ya ng'ombe wekundu, na miji midogo ya mawe ya kijivu ambayo unaimaliza kwa miguu ndani ya nusu saa. Mwaka 1851 mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo wamebaki kama 115,000. Watu waliondoka, nyumba zikabaki, na ndiyo sababu unakuta mitaa ya kale imesimama kama ilivyokuwa. Hakukuwa na mtu wa kuibomoa ajenge ghorofa.

Tulikwenda wakati wa likizo ya Agosti, mimi na wanangu wawili, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Tulifikia Limoges kwa mdogo wangu anayeishi huko, na ndiye aliyekuwa dereva wetu. Watoto wanamwita mamdogo, na mamdogo ana tabia ya kusimamisha gari kila penye kibao cha historia. Watoto walilalamika siku ya kwanza tu. Kufika siku ya pili tulikuwa tumeshaona jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vya utalii: katika miji hii, ukiuliza ni nini kilitokea hapa, jibu linamhusu mtoto wa mtu. Mtoto aliyetumwa mbali, aliyeletwa kutoka mbali, au ambaye hakurudi nyumbani.

Mtoto wa Sultani ndani ya mnara

Tulianzia Bourganeuf, karibu kilomita 50 kutoka Limoges. Ni mji wa watu wasiofika 3,000, wenye uchochoro au chochoro mbili za kupendeza, na katikati yake mnara mnene wa mviringo unaoitwa Mnara wa Zizim.

Zizim ni jinsi Wafaransa walivyolitamka jina la Cem, mtoto wa Sultani Mehmed II, yule aliyeiteka Constantinople mwaka 1453. Baba alipofariki, Cem na kaka yake Bayezid waligombea kiti. Cem alishindwa, akakimbilia kwa mashujaa wa Kikristo waliotawala kisiwa cha Rhodes, akidhani watamsaidia. Mkuu wao alikuwa Pierre d'Aubusson, mwenyeji wa huku huku Creuse. Badala ya kumsaidia walimgeuza mtaji. Bayezid aliwalipa kila mwaka ili mdogo wake asirudi, nao wakamhamisha kutoka ngome moja hadi nyingine ndani ya Ufaransa. Bourganeuf alikaa kati ya mwaka 1486 na 1488, kisha akapelekwa Roma kwa Papa. Alifia Italia mwaka 1495. Mama yake alikuwa Cairo muda wote huo, akiishi kwa matumaini ya kumwona tena. Hakumwona.

Mwanangu wa kiume aliuzunguka ule mnara mara tatu akitafuta mahali ambapo yeye angetorokea. Nampendekezea mzazi yeyote mwenye mtoto wa umri huo aanzie hapa, kwa sababu habari ya mtoto wa mfalme aliyefungwa mnarani haihitaji kurahisishwa.

Saidia fundi wa miaka 14

Kutoka Bourganeuf hadi kijiji cha Soubrebost ni mwendo mfupi wa gari. Hapo, kwenye kitongoji cha La Martinèche, ipo nyumba ya mawe alikozaliwa Martin Nadaud mwaka 1815. Leo ni makumbusho madogo.

Ili kumwelewa Nadaud ni lazima ujue jinsi Creuse ilivyoishi. Udongo wa huku haukutosha kulisha watu. Kila mwaka ifikapo Machi, wanaume kwa maelfu walifunga mizigo wakaenda Paris na Lyon kufanya kazi ya uashi, na kurudi Novemba au Desemba baridi inapozuia ujenzi. Wanawake walibaki na mashamba, mifugo, wazee na watoto. Paris ile pana ya majengo ya mawe wanayoipiga picha watalii, iliyojengwa upya katika karne ya 19, imejengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watu wa Creuse. Mvulana akifika miaka 13 au 14 aliondoka na baba yake, akaanzie chini kabisa kama saidia fundi: kubeba mawe, kuchanganya chokaa, kupandisha ndoo.

Nadaud aliondoka mwaka 1830, akiwa na miaka 14. Yeye, baba yake na wenzao walitembea kwa miguu siku kadhaa hadi Orléans, na kutoka hapo wakapanda magari ya farasi.

Lakini kabla ya safari hiyo kulikuwa na ugomvi nyumbani, na huu ndio uliotukalisha kwenye ukuta wa nje kwa muda mrefu tukizungumza. Baba yake alitaka asome. Mama na babu walipinga. Kwao shule ilikuwa kupoteza mikono ya kazi na fedha, maana hakuna katika ukoo aliyewahi kuhitaji kusoma ili ajenge ukuta. Baba hakukubali kurudi nyuma. Ni ugomvi ambao bado unaendelea katika nyumba nyingi, na si Ufaransa.

Yule kijana akawa mwashi kweli, na usiku akawafundisha waashi wenzake kusoma na kuandika chumbani kwake Paris. Mwaka 1849 alichaguliwa kuwa mbunge. Louis-Napoléon alipopindua serikali mwishoni mwa 1851, Nadaud akafukuzwa nchini, akaishi Uingereza miaka mingi akifundisha Kifaransa. Aliporudi mwaka 1870 aliteuliwa kuwa mkuu wa mkoa wa Creuse, mkoa ule ule aliouacha kwa miguu. Kumbukumbu za maisha yake, alizozitoa mwaka 1895, ndizo zilizotuachia habari za wale wavulana wengine ambao hawakuandika chochote.

Binti yangu aliuliza kama mama yake Nadaud alikuja kukubali kwamba alikosea. Mamdogo akamjibu kuwa akina mama hawakosei, wanabadilisha mawazo tu.

Zulia linalofumwa kinyumenyume

Aubusson ndio mji wa Creuse wenye jina kubwa nje, ingawa wakazi wake ni kama 3,000 tu. Mto Creuse unapita katikati, nyumba zimebanana kando yake, na kazi ya mji kwa zaidi ya miaka 500 imekuwa kufuma mazulia ya kutundika ukutani. Mwaka 1665 serikali ya mfalme iliwapa wafumaji wake hadhi ya kiwanda cha kifalme. Miaka 20 baadaye mfalme yuleyule akapiga marufuku Uprotestanti, na wafumaji wengi waliokuwa Waprotestanti wakakimbilia Ujerumani na Uswisi na ufundi wao. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mtu asikwambie kuwa makumbusho ya mazulia yatawachosha watoto. Cité internationale de la tapisserie, iliyofunguliwa mwaka 2016, ndipo wanangu walipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sababu ya kwanza ni kwamba pamoja na mazulia ya zamani kuna mapya makubwa yaliyofumwa kutoka kwenye michoro ya Tolkien, yule wa The Hobbit, na kutoka kwenye katuni za Mjapani Hayao Miyazaki. Binti yangu aliitambua Princess Mononoke tangu mlangoni.

Sababu ya pili ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Nyuzi za mtande zimetandazwa mlalo kama meza. Mchoro wa mfano umewekwa chini yake. Mfumaji huinama juu na kupitisha nyuzi za sufu za rangi kidogo kidogo, lakini anafuma akiwa upande wa nyuma. Uso wa zulia uko chini, hauoni. Anaweza kuchungulia kwa kioo kidogo, na sehemu iliyokwisha huviringishwa. Kwa mwezi mmoja mfumaji hutoa karibu mita moja tu ya mraba. Zulia kubwa likichukua miaka, basi ni miaka hiyo yote bila kuliona lote, hadi siku ya kukata nyuzi na kulishusha.

Kilomita kama 10 kusini mwa Aubusson uko mji wa Felletin, ambako lilifumwa zulia kubwa la Kristo lililobuniwa na Graham Sutherland kwa ajili ya kanisa kuu la Coventry, Uingereza. Msomaji aliyeko Uingereza anaweza kwenda kuliona huko. Felletin penyewe tulinunua mkate na kuendelea.

Mvulana wa Gentioux

Karibu kila kijiji cha Ufaransa, hata chenye nyumba 20, kina mnara wa majina ya waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwingi ni wa askari shujaa, bendera na shada. Gentioux, kijiji kilicho juu kwenye uwanda wa Millevaches kusini ya Aubusson, kina kitu kingine. Chini ya orodha ya majina amesimama mvulana yatima wa shaba, amevaa vazi la shule na viatu vya mbao, kofia mkononi. Mkono mwingine amekunja ngumi kuelekea maandishi ya Kifaransa yasemayo: Vita na ilaaniwe.

Ulijengwa mwaka 1922. Mwanangu alitaka kujua huyo mtoto amemkasirikia nani. Nilimwonyesha majina, nikamwambia mmojawapo ni baba yake. Akasimama akahesabu majina yote kwa kidole.

Watoto kutoka Bahari ya Hindi

Guéret ni makao makuu ya mkoa, mji wa watu kama 13,000. Si mzuri sana kwa macho, niseme ukweli. Lakini kama una muda wa mji mmoja tu Creuse, na wewe ni mtu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi, ningesema simama hapa.

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa kilicho mashariki ya Madagascar. Kutoka Dar es Salaam hadi huko hakufiki kilomita 2,500. Kutoka Paris ni zaidi ya 9,000. Sehemu ya mababu wa watu wake walichukuliwa utumwani kutoka Madagascar na kutoka pwani yetu, Kilwa ikiwa mojawapo ya bandari walikouzwa. Katika miaka ya 1960 kisiwa kilikuwa na watoto wengi na umaskini mwingi, wakati mikoa kama Creuse ilikuwa na nyumba tupu na mashamba yasiyo na mikono. Michel Debré, aliyekuwa waziri mkuu na kisha mbunge wa Réunion, aliunga mkono mpango wa kuwahamisha watoto waliokuwa chini ya ustawi wa jamii na kuwaleta Ufaransa.

Kati ya mwaka 1962 na 1984 waliletwa watoto 2,015. Idadi hiyo ilitolewa na tume ya wataalamu mwaka 2018. Waligawanywa katika mikoa mingi, lakini Creuse ilipokea zaidi ya 200, ndiyo maana Wafaransa huwaita wote "watoto wa Creuse". Walifikia kwenye kituo cha watoto hapa Guéret, wengine wakiwa wadogo wa kubebwa, wengine vijana, na wengi hawajawahi kuona baridi. Kutoka kituoni waligawiwa. Baadhi waliingia katika familia zilizowapenda na kuwalea vizuri, na hilo lisemwe. Baadhi walipelekwa mashambani wakawa vibarua wasiolipwa. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Wapo waliobadilishwa majina.

Na wengi wao hawakuwa yatima. Walikuwa na mama, baba au bibi kule kisiwani. Wazazi waliahidiwa kwamba mtoto atasoma, atapata ufundi, atarudi likizo. Karatasi zililetwa, na wasiojua kusoma waliweka dole gumba. Likizo zikapita. Barua hazikuja.

Nilimsimulia binti yangu tukiwa tumekaa kwenye benchi katikati ya mji, watu wakipita na mikate yao. Aliuliza swali ambalo nadhani mtoto yeyote angeuliza: mama alijuaje kama wanadanganya? Sikuwa na jibu fupi. Nilimwambia kuwa mtu aliyekuja na karatasi alikuwa wa serikali, amevaa vizuri, anazungumza Kifaransa kizuri, na alichokiahidi ni shule. Sisi wenyewe tunajua jinsi neno shule linavyoweza kumfungulia mgeni mlango. Ni watoto wangapi kwetu wanaondoka kijijini kwa maneno ya "nitamsomesha mjini", na mwaka unapita yuko jikoni kwa watu?

Mwaka 2002 mmoja wa wale watoto, Jean-Jacques Martial, aliifungulia kesi serikali ya Ufaransa, na hapo nchi nzima ikaanza kuzungumza. Tarehe 18 Februari 2014 Bunge lilipitisha azimio kwamba serikali haikutimiza wajibu wake wa kimaadili kwa watoto hao. Tangu 2017 wanasaidiwa nauli ya ndege kwenda kuona kwao. Wengi sasa ni wazee, na wapo waliofika Réunion wakakuta kaburi la mama.

Jioni yake tuliwapeleka watoto kwenye hifadhi ya mbwamwitu iliyo kwenye msitu wa Chabrières, nje kidogo ya Guéret. Sote tulihitaji kuona kitu kingine.

Oradour: nani aingie?

Siku ya mwisho tulitoka Creuse tukaenda upande wa pili wa Limoges, kwenye kijiji cha Oradour-sur-Glane. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS wa Kijerumani walikizingira, wakawapiga risasi wanaume kwenye maghala, na kuwafungia wanawake na watoto kanisani kisha wakalichoma. Waliuawa watu zaidi ya 640, na zaidi ya 200 kati yao walikuwa watoto. Shule zilikuwa wazi siku hiyo. Charles de Gaulle aliagiza magofu yaachwe kama yalivyo, kijiji kipya kikajengwa kando. Bado unaona reli za tramu, magari yaliyooza kwa kutu na cherehani ndani ya nyumba zisizo na paa.

Wazazi hugawanyika kuhusu kuwapeleka watoto. Mimi naona mtoto wa miaka 7 hapa bado. Wangu alibaki na mamdogo kwenye kijiji kipya wakila aiskrimu, na mimi nikaingia na dada yake, baada ya kupitia kwanza jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1999. Humo picha na maelezo vinamwandaa mtoto kabla ya kuona kanisa. Hatukuongea sana ndani. Alichoondoka nacho ni habari ya Roger Godfrin, mvulana mdogo mkimbizi kutoka Lorraine, mwanafunzi pekee wa shule za kijiji aliyenusurika siku ile. Mama yake alikuwa amewaambia watoto wake wakiwaona Wajerumani wakimbie. Yeye alikimbia.

Kama unataka kwenda

Treni kutoka Paris hadi Limoges inaondokea stesheni ya Austerlitz na huchukua zaidi kidogo ya saa tatu. Baada ya hapo kodi gari au tafuta ndugu mwenye gari, kwa sababu mabasi ya vijijini ni machache mno. Chakula cha mchana kinaliwa kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa tisa na watoto wenye njaa utakuta jiko limefungwa, na maduka mengi hayafunguliwi Jumapili mchana wala Jumatatu. Beba mikate na maji ndani ya gari. Ukibahatika kukuta pai ya viazi na krimu ya huku, nunua kubwa.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo hawalipi. Kila mtoto ana ombi lake na cheti chake cha kuzaliwa. Kama mzazi mmoja habanduki nyumbani, atatakiwa kuandika barua ya ridhaa inayotaja mtoto anasafiri na nani, na akatie sahihi mwenyewe. Mume wangu aliisoma yetu mara mbili kabla ya kuchukua kalamu.